Nilivyofungua tena hukumu iliyokwisha kufungwa

Rufaa yangu ilitupwa mwaka 2012, nikiwa nimetimiza miaka minane ndani. Nilikuwa nimehukumiwa kunyongwa kwa mauaji. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu wote waliokuwa wakingoja kitanzi, watu zaidi ya 4,000, nikatoka kondemu, sehemu ya wanaongoja kunyongwa, nikawa mfungwa wa maisha. Baada ya rufaa hiyo sikuona mlango mwingine.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaamua kesi ya Francis Muruatetu, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji. Ilisema kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya kuua, kinakwenda kinyume cha katiba. Katika gereza letu la Shimo la Tewa hatukulala usiku ule. Kuna waliodhani tumeachiliwa, wakaanza kugawa mablanketi.

Niliandika ombi la kurasa tisa, karibu zote nikimpinga shahidi wa pili. Mzee mmoja, mfungwa mwenzetu aliyesomea usaidizi wa kisheria humo humo gerezani, alilisoma lote akanirudishia.

"Mwanangu, hatia haifunguliwi tena. Kilichofunguliwa ni adhabu peke yake. Hii uliyoandika ni rufaa ya pili."

Nilikasirika, siku mbili sikumsemesha. Miaka yote ile nilikuwa nimeishi kwa neno moja, "sikuua", na sasa naambiwa niliweke kando. Lakini alikuwa na haki. Ombi lililokwenda Mahakama Kuu lilikuwa la kurasa mbili: nilikuwa na umri wa miaka 22, sikuwa na kosa jingine kabla ya hapo, nilikaa rumande miaka miwili, na vyeti vyangu vya useremala nilivyovipatia gerezani.

Jaji aliagiza ripoti ya probesheni, na hapo ndipo nilipoogopa. Afisa angekwenda kwetu Kilifi, azungumze na chifu, na ndugu zangu, na mama wa marehemu. Dadangu alimtangulia. Mara ya kwanza mama yule hakumfungulia mlango. Mara ya pili alimpa maji ya kunywa, wakakaa bila maneno mengi.

Siku ya kusikilizwa, jaji alisoma maneno ya mama yule kwenye ripoti: hajanisamehe, lakini hataki nifie jela. Wakili wangu alikuwa amenipangia la kusema, nikashindwa kulisema. Nilisema, "Nilimpiga mimi. Tuligombania mpaka wa shamba, nikampiga." Sikuwahi kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu yeyote, hata dadangu.

Kifungo cha maisha kikaondolewa, nikapewa miaka 16 kuanzia siku niliyokamatwa, Machi 2004. Nilitoka 2020.

Aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu asiifuate njia hii kabla ya kuuliza. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba uamuzi ule unahusu mauaji tu. Rafiki yangu niliyelala naye chumba kimoja miaka sita alikuwa keshapeleka ombi lake, likatupwa. Nikienda kumwona na sabuni na dawa ya meno, neno lake la kwanza ni kuniuliza kama kuna kesi mpya iliyoamuliwa.