Dele la babu bado linafuka

Jamani, Mwanga ya Kigoma inabadilika. Pale palipokuwa na nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, juzi umefunguliwa mgahawa wa kahawa wenye matawi Dar na Arusha. Vioo, kiyoyozi, sofa. Nimekunywa kapuchino ya 6,000. Ni tamu, sisemi uongo, na vijana wanaohudumia ni wa hapa hapa.

Ila roho imeniuma kwa babu muuza kahawa. Tangu niko shule ya msingi alikuwa anakaa kwenye baraza ya nyumba ile. Dele jeusi kwa moshi juu ya makaa, kashata kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, na vile anavyogonganisha vikombe viwili kwa mkono mmoja, unajua amefika kabla hujamwona. Pale ndipo tulipopata habari za misiba, za bei ya samaki wetu migebuka, za nani kapata safari.

Nimemkuta ng'ambo ya barabara, juani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa, kahawa ipo."

Akanimiminia, na pesa akakataa.

Kule ndani nilimuuliza binti kahawa yao inatoka wapi, akasema inaletwa imeshakaangwa kutoka Dar. Wakati Kalinzi, hapo juu milimani, watu wanalima arabika! Hili limenikera kuliko bei.

Wapangaji wa ile nyumba wametawanyika, wengine wamehamia Ujiji. Babu anahitaji mwavuli mkubwa. Mimi naanza na 10,000, nani ananiunga mkono?