Kutoka Little Steeping hadi Mkunazini

Kijiji cha Little Steeping kiko Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, pale ambapo vilima vya Wolds vinaishia na kuanza uwanda mpana wa ardhi ya kinamasi iliyokaushwa, unaokwenda hadi baharini Skegness. Ukipita kwa gari unaweza usijue kama umekipita: kanisa, nyumba za matofali zilizotawanyika kando ya barabara nyembamba, mashamba, na mto mdogo unaokitenga na kijiji ndugu cha Great Steeping. Niliishi kwa miaka mingi katika mji wa jirani wa Spilsby, nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee, na tangu nirudi Unguja watu huniuliza habari za London, mji ambao siujui hasa. Ninachokijua ni kijiji hiki, na ninakiandika kwa sababu, kupitia padri wake mmoja wa zamani, kina hesabu na Kiswahili chetu ambayo bado haijafungwa.

Kimo katika daftari la ardhi la mwaka 1086, alilolitaka Mfalme William baada ya kuiteka Uingereza ili ajue kila shamba ni la nani na linaweza kutozwa nini. Vijiji na miji inayokizunguka, kama Spilsby, Firsby na Somersby, ina majina yaliyoachwa na Wadenmaki waliovuka bahari kuja kuhamia huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wenyeji wa leo, kwa hiyo, ni wajukuu wa wageni, ingawa sikupata kuwasikia wakijiita hivyo. Spilsby imemsimamishia sanamu sokoni John Franklin, mzaliwa wake aliyepotelea katika barafu za kaskazini, na wakati wa Vita Kuu ya Pili mashamba ya Great Steeping yaligeuzwa uwanja wa ndege za kivita aina ya Lancaster. Little Steeping yenyewe haina sanamu sokoni, wala soko haina.

Ina kanisa la Mtakatifu Andrea, lililojengwa kwa jiwe-mchanga la rangi ya kijani linalopatikana katika vilima vile. Ni jiwe laini; ukilisugua kwa kidole gumba, chembe zake hubaki mkononi. Kilichonivutia huko ni ukali wa wenyeji juu ya saruji. Mzee mmoja aliyekuwa akijitolea kufyeka nyasi makaburini alinionyesha ufa uliowahi kuzibwa kwa saruji: saruji yenyewe ilikuwa nzima kabisa, lakini jiwe lililoizunguka lilikuwa limemomonyoka, kwa kuwa unyevu uliokosa kupenya kwenye saruji ulitafuta njia yake ndani ya jiwe. Tangu hapo, alisema, hawakubali fundi asiyejua chokaa. Niliporudi nyumbani nilikuta nyumba ya marehemu babu, mtaa wa Malindi hapa Unguja, ukuta wake wa matumbawe umekwishapigwa lipu ya saruji hadi kimo cha mtu, na juu ya hiyo lipu rangi imeanza kuvimba. Nilimwambia mjomba kwamba ukuta huu unataka chokaa. Akanijibu, "Chokaa ya nani siku hizi, baba? Saruji kesho imekauka." Hana kosa lake peke yake, maana chokaa ya kweli inataka kulowekwa kwa muda mrefu, inataka subira ya fundi na fedha ya mwenye nyumba, na vyote viwili ni adimu katika Mji Mkongwe, uwe au usiwe katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

Ndani ya kanisa la Little Steeping imelala sanamu ya mawe ya padri wa karne ya 14, ambayo zamani iligeuzwa kifudifudi ikatumika kama ngazi ya kupandia upande wa madhabahu, na waliokanyaga mgongo wake hawakujua kuwa chini yake kuna uso. Kanisa hili lilikarabatiwa mwaka 1912 kwa kumbukumbu ya padri mwingine wa hapo, na huyo ndiye aliyenifanya nirudi kijijini kila nilipopata nafasi. Jina lake ni Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akaiacha akawa padri. Kabla ya Little Steeping alihudumu Skegness, ambako waumini walimsifu kuwa ni mtu wa kukunja mikono ya shati na kufanya kazi. Alikabidhiwa parokia ya Little Steeping mwaka 1862, na mwaka uliofuata rafiki yake William Tozer, aliyekuwa padri wa Burgh-le-Marsh, kijiji kisicho mbali na hapo, akateuliwa kuwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu katika Afrika ya Kati. Misheni hiyo ilikuwa imezaliwa kutokana na hotuba aliyoitoa Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, na askofu wake wa kwanza alikuwa amefariki kwa homa mwaka 1862. Steere alikubali kumsindikiza Tozer. Mwaka 1864 wakaihamishia misheni Zanzibar, na Sultani akawakabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza, na ndani ya nyumba yao ikaanza kufanya kazi mashine ya kupiga chapa.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza na kushika tena parokia yake. Vitabu vyake viwili vilivyomjulisha duniani, kile cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na kile cha hadithi za Waswahili, vilichapishwa London mwaka 1870, yaani katika miaka ileile aliyokuwa akizika na kubatiza wakulima wa Little Steeping. Nilipolifahamu hilo nilisimama muda mrefu uani mwa kanisa, katika upepo ule unaotoka baharini bila kitu cha kuuzuia, nikijaribu kufikiria Sultani Darai na punda wa dobi, wahusika wa hadithi zile, wakipita mikononi mwa padri wa kijiji kama kile. Hadithi ya paa na Sultani Darai nilisimuliwa na bibi yangu, ambaye hakupata kusoma kitabu cha mtu yeyote.

Hapa ndipo hesabu yenyewe ilipo. Steere hakuzitunga hadithi zile na hakudai kuwa alizitunga. Alisimuliwa na watu wa Unguja, miongoni mwao Hamisi wa Kayi, ambaye Steere alimshukuru kwa jina. Sarufi aliyoipanga ilitokana na vinywa vya watu kama hao. Lahaja hiyohiyo ya Unguja ndiyo iliyochukuliwa baadaye kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi iliyokabidhiwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki mwaka 1930. Mchango wa Steere ni mkubwa, na anayeupuuza hajakisoma kitabu chake. Lakini kanisa la kijijini linamkumbuka askofu peke yake, na sisi huku, tulio warithi wa wasimulizi, tumefanya vivyo hivyo.

Nimelithibitisha hilo Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe palipokuwa na soko la watumwa. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale. Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe na kulifunika jengo kwa paa la kuba la zege lililochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Alifariki Unguja mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Waongozaji wageni husimulia haya kwa haraka, hukawia kidogo kwenye nguzo zinazodaiwa kuwekwa juu chini wakati askofu hayupo, kisha huwapeleka watu nje kwenye sanamu za watumwa zilizofungwa minyororo. Nilifuatana na makundi kadhaa kwa makusudi. Vijana wanaijua kazi yao, na Kiingereza chao ni kizuri kuliko changu. Habari za vitabu niliisikia mara chache, na jina la Hamisi wa Kayi sikulisikia hata mara moja.

Wazee wa Little Steeping waliniomba, kabla sijaondoka, niwaandikie kaburi la padri wao likoje. Barua nimeipeleka wiki iliyopita pamoja na picha. Nimewaeleza kaburi, kuba na nguzo, na katika ukurasa wa pili nimewaandikia kwamba hadithi zilizotoka katika miaka yake ya kijijini zilikuwa na wenyewe, nikawawekea jina la Hamisi wa Kayi na kuwaomba walitundike kanisani karibu na kumbukumbu ya Steere. Nakala ya ukurasa huo nimempa pia kijana mmoja anayeongoza wageni Mkunazini. Ameniuliza kama huyo Hamisi ana kaburi linalojulikana, ili awe na mahali pa kusimama anapomtaja.