Nilivyoandaa jumbe za uchechemuzi kuhusu utapiamlo wa watoto baada ya kushindwa kujibu swali moja

Nilipewa dakika 10 kuongea mbele ya kamati inayopitisha bajeti, nikazitumia zote, nikamaliza, afu mwenyekiti akaniangalia akauliza kwa upole kabisa, "Sawa binti, tumekusikia, watoto wanaumia. Sasa sisi unataka tufanye nini?" Sikuwa na jibu. Nilikua na slaidi zaidi ya 20, zina takwimu za dunia nzima, zina picha, zina chati za kila rangi, ila jibu la hilo swali halikuwemo popote. Nikasema tu "Mheshimiwa, muongeze juhudi kwenye lishe." Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaita ajenda inayofuata.

Nimeamua niandike jinsi nilivyorudi nikaanza upya, maana naona wengi tunaopambania lishe ya watoto bado tunapita njia ile ile niliyopita mimi.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba nilikua nachanganya jumbe za aina mbili. Kuna ujumbe wa elimu, ule wa kumwambia mzazi amnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, hata maji asimpe, afu aanze kumlisha vyakula mchanganyiko huku akiendelea kunyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi. Huo ni mzuri na una mahali pake. Lakini ujumbe wa uchechemuzi, yaani wa kumshawishi mwenye mamlaka achukue hatua, unaenda kwa mtu mwenye kalamu ya kusaini, na mimi nilikua nimetumia nusu ya muda wangu kumweleza mwenyekiti faida za maziwa ya mama. Yeye alichonacho mkononi ni kingine kabisa: likizo ya uzazi yenye malipo ili mama apate huo muda wa kunyonyesha, ajira za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, usimamizi wa sheria zinazobana matangazo ya maziwa ya kopo (kanuni ya kimataifa ya hilo ipo tangu 1981 na bado inavunjwa kila siku). Hayo ndo nilitakiwa nimpelekee.

La pili ni picha. Nilikua nimeweka picha ya mtoto aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika, nikiamini itawagusa. Mjumbe mmoja akaiangalia akasema "watoto wa namna hiyo kwetu hawapo," na wenzake wakaitikia kwa kichwa. Yaani picha yangu ndo iliyowapa sababu ya kutofanya kitu! Ukweli ni kwamba ule ni ukondefu mkali, na ukondefu angalau unaweza kuugundua kwa kumzungushia mtoto utepe wa kupimia kwenye mkono, sehemu ya juu, mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 akisoma chini ya milimita 115 yuko kwenye rangi nyekundu ya utepe, anahitaji matibabu haraka. Ila kwa hesabu za dunia za mwaka 2024, watoto wa chini ya miaka 5 wenye ukondefu walikua karibu milioni 43, na waliodumaa walikua kama milioni 150. Kundi kubwa ni hao waliodumaa, na hao picha haiwaonyeshi. Mtoto aliyedumaa anacheka, anacheza, anaenda shule, ni mfupi tu kwa umri wake, na kama wenzake wengi nao wamedumaa basi wote wanaonekana wa kawaida, hakuna anayeshtuka.

Hapa nilikaa muda mrefu sana nikifikiria nitakionyeshaje kitu ambacho macho hayakioni. Mwisho nikachukua utepe wa kushonea, nikakata vipande viwili. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, mtoto wa kiume akitimiza miaka 5 urefu wa katikati ni kama sentimita 110, na akiwa chini ya 100.7 hivi anahesabiwa amedumaa. Nikakata mmoja wa 110 na mwingine wa 100. Sikuweka maelezo yoyote juu yake, ni tepe mbili tu za kushika mkononi. Nilizijaribu kwanza kwa majirani na kila mtu alifanya kitu kile kile, alizishika pamoja akazinyoosha, afu akaniuliza huyu mfupi ana miaka mingapi. Nikimwambia wote wana miaka 5, ananyamaza. Hapo ndo unapata nafasi ya kueleza kwamba siku 1000 tangu mimba kutungwa mpaka miaka 2 ndo mwili na ubongo vinajengwa kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo zile sentimita 10 zinatuambia mengi kuliko urefu.

Sasa la tatu, na hili bado linaniuma. Kabla ya kupeleka popote nikaamua nijaribu jumbe zangu kwa kina mama wenye watoto wadogo, maana walikua ndo wanaosemewa. Ujumbe mmoja niliupenda sana, ulisema "Mama, lishe ya mwanao iko mikononi mwako." Mama mmoja akausoma, akakaa kimya, akamwangalia mtoto aliyempakata, akasema taratibu, "Kwa hiyo dada, mimi ndo nimemdumaza?"

Sikujua niseme nini. Nilimwomba radhi pale pale.

Yule mama alikua ananyonyesha vizuri, ila mtoto anaharisha kila mara kwa sababu maji ya kwao si salama, na yeye anarudi kazini mapema, kituo cha afya kiko mbali. UNICEF tangu 1990 wana mchoro unaoonyesha sababu za utapiamlo kwa ngazi: juu kabisa mlo duni na magonjwa, chini yake upatikanaji wa chakula, matunzo, huduma za afya, maji na usafi, na chini kabisa mambo ya rasilimali, siasa na sera. Mchoro huo nilikua nao kwenye kompyuta miaka yote, nimeuweka kwenye kila ripoti, lakini ujumbe wangu ulikua umebeba mzigo wa ngazi zote tatu nikamtwisha mtu mmoja mwenye mtoto mapajani. Nikaufuta. Na kuanzia hapo kila ujumbe nauliza huu unamlaumu nani, na je huyo ndo mwenye uwezo wa kubadilisha. Picha za watoto waliokonda nazo nikaziondoa zote, kwa sababu yule mtoto atakua mtu mzima siku moja na hakuna aliyemuuliza.

Takwimu nikapunguza mpaka nikabaki na moja kwa kila kundi ninaloenda kuongea nalo. Watu wa fedha niliwapa ile ya Benki ya Dunia ya 2024, kwamba kila dola 1 inayowekwa kupambana na lishe duni inatarajiwa kurudisha kama dola 23. Watu wa afya niliwapa ile ya vifo, na hapo daktari mmoja alinisahihisha nikamshukuru sana: nilikua nimeandika lishe duni "inasababisha" karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka 5, akasema andika "inahusiana na". Mtoto anakufa kwa nimonia au kuhara, na ndicho kinachoandikwa kwenye cheti, ila mwenzake aliyelishwa vizuri angeupata ugonjwa huo huo akapona. Neno moja tu, ila ukilikosea mtaalamu mmoja akasimama mkutanoni, wote wanaacha kukuamini hata pale uliposema sahihi.

Likabaki ombi lenyewe. Nilianza na "tutokomeze utapiamlo," nikaona ni kubwa mno, hata dunia mwaka 2012 ilijiwekea lengo la kupunguza idadi ya watoto waliodumaa kwa asilimia 40 mpaka 2025 na halikufikiwa, likasogezwa mpaka 2030. Nikataka kitu ambacho kamati ile, kwenye kikao kile, inaweza kukisema ndiyo au hapana. Nikaandika: kamati ipitishe kasma (yaani fungu la bajeti) ya lishe inayojitegemea kwenye bajeti ya mwaka ujao, isifichwe chini ya "mengineyo". Nikamuonyesha mhasibu mmoja ninayemfahamu, akaniambia dada hapo hujamaliza, kutengwa na kutolewa ni vitu viwili, hela inaweza kutengwa vizuri kabisa kwenye vitabu na mwaka ukaisha haijatoka hata senti. Sikuwahi kuliwaza hilo. Nikaongeza sentensi ya pili: kila robo mwaka kamati isomewe kiasi kilichotolewa, siyo kilichotengwa.

Niliporudi niliomba dakika 3 tu. Sikubeba slaidi. Nikawapa tepe zizunguke mezani, nikasema namba moja ya dunia na moja ya kutoka kwenye kadi za kliniki za eneo lao wenyewe (hii iliwashika kuliko zote, mtu habishani na daftari la kituo chake), nikasoma zile sentensi mbili za ombi, nikakaa. Yule mjumbe aliyesema kwetu hawapo ndo alishika tepe muda mrefu zaidi, na akauliza maswali matatu.

Kasma ilipita, pungufu ya tulichoomba. Suala la maji walilirusha idara nyingine na huko bado nafuatilia, itabidi niandae ujumbe mwingine kabisa maana wale wana mambo yao yanayowagusa. Na robo ya kwanza haikutoka hela yoyote. Ila safari hii sikulazimika kusimama, taarifa iliposomwa mwenyekiti mwenyewe alimgeukia mweka hazina akamuuliza, "Hii ya lishe, imetoka kiasi gani?"