Usiunganishe majengo ya chuo kwa mnyororo

Chuo kinachokua kwa awamu, kama vilivyo vingi hapa Tabora, huanza na mtandao wa jengo la utawala. Maktaba ikijengwa, inachomekwa kwenye swichi (kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao) ya utawala. Maabara nayo inachomekwa kwenye swichi ya maktaba. Umeme ukikatika maktaba, maabara inapotea hewani hata kama yenyewe ina jenereta. Dawa ni kupanga mtandao kwa tabaka.

Chini kuna swichi za watumiaji: kompyuta, kamera, Wi-Fi. Katikati ni usambazaji, ambako VLAN (mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile) zinakutana na sheria za nani afike wapi zinawekwa. Juu ni kiini, chenye kazi moja tu ya kupitisha pakiti (vipande vya data) haraka. Kwa majengo matano au sita usinunue tabaka zote tatu. Unganisha kiini na usambazaji katika swichi mbili zenye uwezo wa kuelekeza trafiki, kisha kila jengo lipate faiba (nyaya za kioo zinazobeba data kwa mwanga) mbili, moja kwa kila swichi. Ukiweza, zipite mitaro tofauti, maana jembe la fundi bomba halichagui.

Kati ya majengo weka faiba hata pale umbali unapokuwa chini ya mita 100 zinazoruhusiwa kwa kebo ya shaba. Mvua za hapa zinakuja na radi, na shaba inaleta mshtuko moja kwa moja kwenye matundu ya swichi. Faiba haipitishi umeme.

Sasa hesabu. Swichi yenye matundu 48 ya gigabiti 1 na njia mbili za gigabiti 10 kwenda juu ina uwiano wa uwezo wa watumiaji kwa uwezo wa njia za juu wa 48 kwa 20, yaani 2.4 kwa 1. Kwa ofisi hiyo ni raha. Lakini itifaki ya spaning-trii ikifunga njia moja ili kuzuia mzunguko, unabaki na 4.8 kwa 1 na faiba uliyoilipia imekaa bure. Ndiyo maana ni bora VLAN ziishie ndani ya jengo, na njia zote mbili za juu zitumike kwa ruti, yaani swichi ichague njia ya trafiki badala ya kuifunga moja.

Mzunguko wenyewe ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mtu akichomeka ncha zote mbili za waya mmoja ukutani, fremu za matangazo (data inayotumwa kwa vifaa vyote) huzunguka bila kikomo kwa kuwa hazina umri wa kufa. Utaona taa za matundu yote zikipepesa kwa pamoja bila kupumzika. Washa ulinzi wa BPDU (ujumbe wa spaning-trii kati ya swichi) kwenye matundu ya watumiaji, na mpe kiini kipaumbele cha 4096 ili kiwe mzizi, yaani swichi inayoongoza spaning-trii. Ukiacha 32768 ya kiwandani kila mahali, mwenye anwani ndogo ya MAC (namba ya kifaa ya kiwandani) ndiye anayekuwa mzizi, na mara nyingi ni swichi kongwe kuliko zote.

Kwenye vituo vikubwa vya data mpangilio hubadilika, kwa sababu seva huongea zaidi zenyewe kwa zenyewe. Kila swichi ya raki (kabati la seva) huunganishwa na kila swichi ya uti wa mgongo. Za raki haziunganishwi zenyewe. Uti ukiwa na swichi nne na moja ikafa, unapoteza robo ya uwezo tu. Chumba cha seva chenye raki mbili hakihitaji hayo.

Kabla ya kumlipa mkandarasi awamu ya mwisho, zima swichi moja ya kiini mbele yake, saa za kazi, huku ping (ujumbe mdogo wa kupima kama njia ipo) ikiendelea kutoka kila jengo.