Chupa Iliyofutika Namba

Chupa ilikuwa ya kioo cha kahawia, na unyevu wa Kisumu ulikuwa umeila lebo yake. Kilichosomeka ni neno hekseni na C6H12, basi. Namba inayoonyesha bondi maradufu iko wapi kwenye mnyororo wa kaboni ilifutika, na namba ndiyo tuliyoihitaji.

Nilikuwa mwanafunzi wa kemia chuoni. Wiki iliyofuata tungefanya jaribio la kuongeza haidrojeni bromidi kwenye alkeni, yaani haidrokaboni yenye bondi maradufu, ili tuone kanuni ya Markovnikov: haidrojeni huenda kwenye kaboni yenye haidrojeni nyingi zaidi, bromini kwenye ile nyingine. Heksi-1-eni, yenye bondi maradufu mwanzoni mwa mnyororo, hutoa zaidi 2-bromoheksani, nayo kanuni inaonekana wazi. Bondi ikisogea hatua moja tu, ikawa heksi-2-eni, unapata mchanganyiko wa 2-bromoheksani na 3-bromoheksani, na somo zima linaharibika. Kaboni ni 6 vilevile, haidrojeni 12 vilevile.

Maji ya bromini hayakutusaidia. Rangi ilipotea papo hapo, kama inavyopotea kwa alkeni yoyote. Tukaamua kupima kiwango cha kuchemka. Kitabu kilisema heksi-1-eni huchemka kwenye nyuzi 63 hivi, na heksi-2-eni kwenye 68. Tulichemsha kidogo kwa bafu la maji juu ya jiko la umeme, maana kitu hiki hushika moto upesi mno na mwali haukuruhusiwa hata karibu. Zebaki ikapanda, ikatulia kwenye 64.

"Ni moja hiyo!" mwenzangu akasema, kalamu tayari mkononi.

Fundi wa maabara, mama mmoja mtu mzima tuliyemheshimu kuliko wahadhiri wengi, akatuuliza, "Wanangu, maji mmeyachemsha?"

"Bado, mama."

"Basi yachemsheni kwanza."

Kipimajoto kilekile, maji safi: yalitokota kwenye 96. Kisumu iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa huku inakandamiza kidogo kuliko pwani, na vitabu huandika viwango vya usawa wa bahari. Kiwango cha kuchemka cha kila kimiminika hushuka kwa kiasi chake, lakini kwa hekseni tofauti ni kama nyuzi 4 au 5. Kwa hiyo 64 yetu ilikuwa 68 ya kitabu! Naamini kila maabara ya bara ingepaswa kubandika kiwango chake cha maji ukutani, watoto wakione kabla ya kugusa jedwali lolote.

Mama hakutaka tuishie hapo. Tukapasha moto matone machache pamoja na permanganeti ya potasiamu yenye asidi, gesi tukaipitisha kwenye maji ya chokaa. Permanganeti hiyo huukata mnyororo pale penye bondi maradufu. Bondi ingekuwa mwisho kabisa, kaboni ya pembeni ingetoka kama kaboni dioksidi na chokaa kingegeuka cheupe kama maziwa. Tulisubiri. Maji yalibaki maangavu. Badala yake, mdomoni mwa chupa ya jaribio kukatoka harufu ya siki, na nyuma yake harufu nzito ya siagi iliyochacha: asidi ya ethanoiki yenye kaboni 2, asidi ya butanoiki yenye kaboni 4. Mbili na nne, sita.

Mama akaandika lebo mpya kwa penseli, heksi-2-eni. Jaribio la Markovnikov likaahirishwa hadi heksi-1-eni ilipoletwa kutoka Nairobi.