Nyanya za mapema za Ucheki: kuvuna kabla bakajani haijafika

Nyanya inayopandwa nje huko Ucheki ina maadui wawili, na wote huja kwa majira yao. Wa kwanza ni baridi ya usiku ya mwisho wa msimu, ambayo bado inaweza kuua miche katikati ya Mei. Wa pili ni bakajani chelewa, ugonjwa uleule unaoteketeza viazi, ambao hushika kasi kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Agosti mvua za kiangazi zinapolowesha majani siku kadhaa mfululizo. Katikati ya hao wawili mwenye bustani ana wiki kumi hadi kumi na mbili. Aina inayoanza kuiva katikati ya Agosti ni bahati nasibu. Inayoanza kuiva Julai, hata bakajani ikija, tayari umeshajaza ndoo kadhaa.

Hapo ndipo thamani ya aina za mapema ilipo, na watu wengi huikosea. Hudhani zina ukinzani dhidi ya ugonjwa. Hazina. Zinakwepa tu, na ukizichelewesha kwa malezi mabaya, hazikwepi chochote.

Anza na maandishi ya Kicheki kwenye pakiti ya mbegu. Rané ni aina ya mapema, polorané ni ya kati, pozdní ni ya kuchelewa. Tyčkové ni nyanya ndefu, inayoendelea kurefuka na kuhitaji fito, kama Money Maker tunayoijua Afrika Mashariki. Keříčkové ni nyanya fupi inayosimama yenyewe na kuacha kurefuka, kama Cal J. Siku zinazotajwa kwa aina nyingi, kwa mfano 55 hadi 65, huhesabiwa tangu kupandikiza, si tangu kusia mbegu. Anayesahau hilo hujikuta anasubiri miezi miwili zaidi ya alivyopanga.

Aina maarufu kuliko zote ni Stupické polní rané, inayouzwa nje ya nchi kwa jina fupi la Stupice, kijiji kilicho mashariki ya Prague. Ni nyanya ndefu yenye majani mapana yasiyo na meno mengi, yanayofanana na ya kiazi. Matunda ni madogo, gramu 30 hadi 60, mekundu, yenye utamu na ukali uliolingana. Udogo huo si kasoro: tunda dogo humaliza kukua na kuiva haraka kuliko la gramu 200. Kichala cha kwanza cha maua hutokea chini kwenye shina, baada ya majani machache, na maua hushika matunda hata usiku ukiwa na ubaridi ambao nyanya nyingine zingeangusha maua. Si mahuluti (chotara wa aina mbili, wenye alama ya F1), kwa hiyo mbegu zake unaweza kujiwekea mwenyewe.

Kwa wanaotaka matunda makubwa kidogo na yanayolingana ukubwa kuna mahuluti ndefu kama Tornado F1 na Start F1. Bejbino F1 ni ya matunda madogo ya kula mzimamzima. Vilma ni kifupi cha kwenye chungu, kinachofaa kibarazani kwa mtu asiye na bustani. Kwa mchuzi mzito chukua Denár, fupi yenye matunda marefu. Stupice ukiichemsha itakupa maji mengi na ngozi nyingi. Ni nyanya ya kachumbari na mkate, haifai kupikiwa sufuria kubwa.

Kosa linalogharimu zaidi hutokea Februari. Jua likichungulia kidogo tu, watu husia. Katikati ya Februari mchana wa Prague ni wa saa kama 10 tu, tena wenye mawingu, na nyumba ina joto la hita. Joto jingi na mwanga kidogo huzaa miche mirefu, myembamba, inayolala. Mche wa namna hiyo hutengeneza majani mengi kabla ya kichala cha kwanza, kwa hiyo kusia mapema kunakuletea mavuno ya kuchelewa. Ukiwa huna taa za kukuzia, sia kati ya tarehe 10 na 20 Machi. Mchana hapo umefika kama saa 12, na mche utakuwa na wiki nane au tisa siku ya kwenda nje, umri unaoutaka.

Tumia udongo mwepesi wa kusia, usio na mbolea nyingi. Fukia mbegu nusu sentimita hadi sentimita moja, lowesha, funika trei kwa plastiki na uiweke penye nyuzijoto 22 hadi 25. Baada ya siku tano hadi nane miche itachomoza. Siku hiyohiyo toa plastiki na uhamishie trei dirishani, mahali penye mwanga mwingi na joto la chini: 18 mchana, 15 au 16 usiku. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Ubaridi wa kiasi mwanzoni hufanya shina kuwa nene na kichala cha kwanza kutokea mapema. Trei ikibaki juu ya hita siku tatu baada ya kuchomoza, hakuna mbolea itakayorudisha kilichopotea.

Miche ikinyauka na kuanguka huku shina likiwa limesinyaa usawa wa udongo, hicho ni kinyausi. Husababishwa na maji mengi, hewa kutuama na miche kubanana. Mwagilia kwa kuweka maji kwenye sahani ya chini, kisha mwaga yanayobaki baada ya nusu saa.

Jani halisi la kwanza, linalofuata yale mawili ya mbegu, likifunguka, hamishia kila mche kwenye kikopo cha sentimita 9 au 10. Ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina. Jani likikatika lingine litaota, shina likipondeka mche umekwisha. Uzamishe hadi karibu na majani ya mbegu, kwa sababu shina la nyanya huotesha mizizi popote linapogusa udongo wenye unyevu. Majani yakigeuka zambarau upande wa chini, usikimbilie mbolea. Mara nyingi udongo wa dirishani ni wa baridi mno na mizizi imeshindwa kuvuta fosforasi. Inua vikopo kutoka kwenye jiwe la dirisha, weka ubao chini yake, rangi itarudi.

Tarehe ya kupandikiza Wacheki wanaijua kwa majina ya watakatifu: Pankrác, Servác na Bonifác, tarehe 12, 13 na 14 Mei, wanaoitwa watu wa barafu, kisha Žofie tarehe 15. Baridi haifuati kalenda kikamilifu, lakini kanuni ni nzuri. Moravia ya kusini, karibu na Znojmo na Břeclav, unaweza kuthubutu siku chache kabla. Kwenye nyanda za juu za Vysočina subiri mwisho wa Mei. Pima pia udongo: chini ya nyuzi 12 mche hukaa tu bila kukua, na aliyepandikiza wiki moja baadaye kwenye udongo wenye joto humpita. Tandaza plastiki nyeusi juu ya tuta siku kumi kabla ili kulipasha joto.

Kabla ya hapo komaza miche kwa siku kama kumi. Siku ya kwanza itoe nje saa moja kivulini, kisha ongeza muda na jua kidogo kidogo, na irudishe ndani usiku ukishuka chini ya nyuzi 8. Majani yenye mabaka meupe kama karatasi yameungua na jua; mche hufufuka, lakini umepoteza wiki ambayo ndiyo uliyokuwa unaikimbiza.

Nafasi ni sentimita 50 kati ya mche na mche, na 70 hadi 80 kati ya mistari. Simika fito ya mita moja na nusu au zaidi kabla ya mche, usije ukatoboa mizizi baadaye. Weka mboji viganja viwili shimoni. Mche uliorefuka usiuzike wima kwenye shimo refu, kwa kuwa chini kuna baridi. Ulaze mshazari kwenye sentimita kumi za juu, kilele kikitazama juu. Usiku wa baridi funika kwa kitambaa cheupe chepesi cha bustani, kile cha gramu 17 kwa mita ya mraba. Kinaokoa nyuzi mbili tatu, si zaidi. Mchana wa jua kifungue, la sivyo nyuki hawafiki na maua hupata joto la kupita kiasi.

Sasa machipukizi. Nyanya fupi usiziguse: matunda ya Vilma na Denár hubebwa na matawi hayohayo ambayo ungeyakata. Kwa ndefu, ng'oa kwa vidole vichipukizi vya kwapani, vinavyoota kati ya jani na shina, vikiwa na urefu wa kidole, asubuhi ya siku kavu ili kidonda kikauke. Stupice hulipa zaidi ikiachiwa mashina mawili, shina kuu na kichipukizi kilicho chini tu ya kichala cha kwanza, ambacho ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Shina moja huwahi kwa siku chache, mashina mawili huzaa zaidi. Kwa matunda madogo hivi nachagua mawili. Mahuluti yenye matunda makubwa ziachie shina moja.

Mwanzoni mwa Agosti kata kilele, ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho. Wengi huona uchungu kufanya hivyo mmea ukiwa umejaa maua. Ua linalofunguka baada ya tarehe 10 Agosti halitakuwa tunda jekundu nje. Linakula tu chakula cha matunda yaliyopo. Majani ya chini yaondoe kichala cha kwanza kinapoanza kuiva, mawili au matatu kwa wiki. Anayeyavua yote kwa mkupuo huyaacha matunda yaungue na jua.

Mbolea: mboji ndoo moja ya lita kumi kwa mita ya mraba inatosha kuanzia. Samadi mbichi ya masika ni mwaliko wa majani makubwa ya kijani kibichi na maua machache, maana nitrojeni ikizidi nyanya husahau kuzaa. Baada ya kichala cha kwanza kushika matunda, mmea hutaka potasiamu. Wakulima wa bustani Ucheki hupenda pia maji ya kopřiva, mmea unaowasha ambao Kenya ya kati huitwa thabai: kilo moja ya majani mabichi kwenye lita 10 za maji, wiki mbili ndani ya ndoo ya plastiki, kisha sehemu moja ya maji hayo kwa sehemu kumi za maji safi. Yananuka vibaya kweli, na nitrojeni yake ni nyingi, kwa hiyo yanafaa Juni tu.

Maji yaende ardhini, asubuhi, mengi kwa mara chache. Kitako cha tunda kikiwa cheusi na kimebonyea, ni kalsiamu kutofika kwenye tunda kwa sababu maji huja kwa vipindi. Kumwaga chokaa hakutasaidia kiangazi hicho. Matandazo ya nyasi kavu yenye kina cha sentimita tano husaidia kuliko dawa yoyote. Matunda yakipasuka baada ya mvua, chanzo ni hichohicho.

Bakajani chelewa hupenda majani yenye umande kwa saa nyingi na usiku usioshuka chini ya nyuzi 10. Dalili ni mabaka ya kahawia yanayoonekana kama yamelowa, ukungu mweupe chini ya jani asubuhi, na madoa magumu ya kahawia kwenye matunda. Dawa zenye shaba hulinda jani zima lisilougua, hazitibu. Aliyeanza kupuliza baada ya kuona mabaka ametupa pesa. Puliza utabiri unapoonyesha mvua za siku kadhaa, rudia kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kinachoshinda dawa ni paa: plastiki juu ya fito nne, pande zote wazi, majani yakae makavu. Viazi vilivyosahaulika ardhini tangu mwaka jana ving'oe, kwani huko ndiko vimelea hupitisha baridi.

Wanaowaza kupanda Stupice kwenye nyanda za juu za kwetu, Lushoto au Limuru, wajue kwamba ubaridi wenyewe hautaisumbua. Lakini pale viazi viko shambani karibu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa kuukwepa ugonjwa, na faida kubwa ya uwahi inayeyuka.

Mwezi Septemba, usiku ukikaribia nyuzi 5, vuna hata yaliyo kijani yaliyoanza kung'aa na kupauka. Yatandaze ndani kwa nyuzi 18 hadi 20 pamoja na tofaa bivu, yasigusane, na utoe lenye doa kila siku. Friji huua ladha.

Mbegu za kuweka zichukue kwenye mimea iliyotangulia kuiva na iliyokuwa na afya, kichala cha pili. Kamulia mbegu na maji yake kwenye glasi, acha siku mbili tatu hadi utando wa juu uonekane, osha kwenye chujio, kausha kwenye sahani ya udongo. Kwenye karatasi laini zitagandia. Zikiwa kavu, kwenye bahasha yenye jina na mwaka, hudumu miaka minne au zaidi. Masika yanayofuata miche yenyewe itakuambia kama mbegu ni safi: sifa ya jani la kiazi haionekani mmea ukichanganyika na nyanya ya kawaida, kwa hiyo mche wowote wa Stupice ambao jani lake la tatu au la nne limekatika meno-meno una baba mwingine. Uupande ukitaka, ila usiuwekee mbegu kwa jina hilo.