Sasa Utakuja Kufanya Nini?

Kuna swali nililoulizwa kwa simu Jumapili jioni ambalo mpaka leo halijanitoka kichwani. Aliyeniuliza ni wifi yangu, mke wa kaka, yule yule ambaye wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu kwa ukarimu wake na kwa ulimi wake usiozunguka mbuyu. Aliniuliza huku akicheka, bila nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo linalonifanya nishindwe hata kukasirika ipasavyo. Wiki hii mkuu wetu wa idara amestaafu na kiti chake nimekabidhiwa mimi, na binamu yetu amejifungua salama baada ya ile miezi ya hofu. Yote nimeyapokea kwa shukrani na kuyaweka kando, kwa kuwa kila ninapotulia najikuta nimerudi kwenye simu ile.

Nilikuwa nimempigia kumwarifu kwamba nitafika mkesha wa Noeli mapema, ili twende sote misa ya usiku. Tukakubaliana. Kisha nikaongeza, kwa sauti niliyokuwa nimeiandaa isikike ya kawaida: "Ila wifi, mwaka huu sileti zawadi. Nakuja mwenyewe tu."

Pakawa kimya kidogo, nikasikia mfuniko ukirudishwa juu ya sufuria. Kisha akacheka.

"Sasa wifi, utakuja kufanya nini?"

"Kusali na nyinyi," nikamjibu. "Na kukaa."

"Haya," alisema, kwa upole wa mtu aliyeamua kutobishana. "Lakini mtoto umemzoesha mwenyewe, kwa hiyo utamwambia mwenyewe."

Nimeyarudia mazungumzo hayo ndani ya basi, mbele ya kompyuta, na hata kanisani wakati ambapo nilipaswa kuwa nasali. Mwanzoni niliyasikia kama tusi: kwamba miaka yote hii nilikuwa mfuko wenye miguu, na mfuko ukibaki nyumbani, miguu haina sababu ya kusafiri. Baadaye nikaanza kuyasikia kwa namna nyingine, nayo ikanichoma zaidi. Wifi hakuwa ananisema mimi; alikuwa anauliza swali la kweli. Ukiondoa vifurushi, karatasi zinazometameta na ile saa nzima ya kufungua na kushangilia, hata yeye, mtu mwema anayeimba sauti ya pili kwayani na asiyekosa misa, hakuona kilichobaki cha kumtoa mtu mbali kuja kukifanya baada ya misa. Nami nilipojaribu kumjibu moyoni kwa ufasaha zaidi, niligundua kwamba jibu langu ni jembamba. Kusali, sawa. Kukaa tufanye nini?

Chanzo cha uamuzi wenyewe mnakijua, kwa kuwa nilikigusia mwanzoni mwa mwaka. Noeli iliyopita mtoto wa kaka alikuwa ameketi sakafuni katikati ya karatasi alizozichana, na hakuna hata kimoja kati ya vile vitu kilichokuwa mkononi mwake. Akainua mto wa kiti, akachungulia chini yake, akanigeukia na kuniuliza, "Shangazi, zimeisha?" Hakuwa na uso wa ulafi. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kitu alichoahidiwa na ambacho bado hajakiona. Juu ya meza nyuma yake kulikuwa na pango la Noeli ambalo mama yake alilipanga kwa mikono yake, na mchungaji mmoja wa udongo alikuwa ameangushwa kifudifudi na utepe wa kifurushi. Hakuna aliyemsimamisha hadi tulipoanza kufagia.

Wengi wakilalamikia biashara ya Noeli husema kwamba imetunyang'anya sikukuu. Mimi nadhani sikukuu ipo, na tarehe 25 Desemba makanisa bado hujaa pomoni. Tulichonyang'anywa ni kungoja. Jumapili ya kwanza ya Majilio, padri akiwa amevaa zambarau na Injili ikituonya tukeshe kwa sababu hatuijui saa, simu yangu ilitetema ndani ya mkoba. Duka fulani, ambalo hata sikumbuki ni lini nililipatia namba yangu, lilikuwa linaniambia: "Usisubiri! Ofa za Krismasi zimeanza." Adui wa dini angekaa akatunga kejeli asingeipata nzuri kama hiyo. Kanisa limetenga majuma manne ya kutufundisha kusubiri, na soko linayahitaji majuma hayo hayo manne ili kutufundisha kinyume chake. Katika karne ya 6, Wakristo wa nchi ambayo leo ni Ufaransa walifunga Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba, mpaka Noeli. Waorthodoksi wanafunga siku 40 kabla ya sikukuu hii hadi leo. Njaa ilitangulia karamu. Siku hizi tunaanza kuila karamu mwezi Novemba, nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana tunazisikia dukani kabla hatujawasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, na Noeli yenyewe ikifika inatukuta tumeshavimbiwa. Kisha tarehe 26 asubuhi mapambo ya madukani yanashushwa na matangazo ya punguzo yanabandikwa, ilhali kwa kalenda ya Kanisa sherehe ndiyo kwanza imeanza.

Hata hivyo sitaki kuzililia zama njema ambazo hazikuwahi kuwepo. Kumbukumbu ya kwanza tuliyonayo ya Noeli kuadhimishwa tarehe 25 Desemba inatoka Roma na inahusu mwaka 336. Haikupita hata miaka hamsini, askofu Gregori wa Nazianzo, akihubiri Konstantinopoli mnamo mwaka 380 hivi, tayari alikuwa anawasihi waamini wasiipambe milango na barabara zao, wasicheze ngoma, wala wasishindane kwa karamu na mavazi. Yaani malalamiko yangu yana umri unaokaribiana na ule wa sikukuu yenyewe. Wapuritani wa Massachusetts, wale Waprotestanti wa msimamo mkali waliohamia Marekani, wao walikwenda mbali zaidi: mwaka 1659 walitunga sheria ya kumtoza faini ya shilingi tano yeyote atakayeisherehekea siku hii, kwa kuona kwamba haina msingi katika Maandiko na kwamba imejaa ulevi na vurugu, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Dawa ya namna hiyo siitaki.

Tofauti ninayoiona ni kwamba zamani tamaa ilikuwa mali ya mwenyewe mwenye nayo, na sasa ina watu walioajiriwa kuitunza ikue. Mwaka 1939 nchini Marekani, Siku ya Shukrani ilikuwa iangukie tarehe 30 Novemba. Wenye maduka wakalalamika kwamba muda wa kununua kabla ya Krismasi utakuwa mfupi mno, na Rais Franklin Roosevelt akairudisha nyuma juma zima, ikawa tarehe 23. Siku iliyowekwa kwa ajili ya kumshukuru Mungu ilisogezwa ili kupisha soko, na soko lenyewe lilitaka nafasi hiyo kwa jina la kuzaliwa kwa Mwana wake. Kila nikilifikiria hilo natikisa kichwa.

(Wenzangu wa uhasibu watapenda kujua kwamba mwanauchumi Joel Waldfogel alizipigia hesabu zawadi hizi mwaka 1993. Aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa vitu walivyopewa, akakadiria kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani hupotea njiani, kati ya mfuko wa mtoaji na mkono wa mpokeaji. Ni hesabu safi. Lakini wanafunzi hao walielekezwa waiweke kando thamani ya kihisia, nami nashuku kwamba mizania inayoondoa hilo imeondoa mstari pekee ambao mama yangu angeusoma.)

Jana ndipo nilipompigia mtoto, kama nilivyoagizwa.

"Kwa hiyo mwaka huu hamna kabisa?" aliuliza kabla sijamaliza utangulizi wangu mrefu.

"Hamna, mwanangu."

Nikamsikia akipumua ndani ya simu, anapiga mahesabu. "Basi mwakani ulete mbili."

Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akageuka, na nadhani kifundo nilichokuwa nacho tangu Jumapili kilifunguka hapo hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, na nikakutana na mfanyabiashara. Alipoona mkataba wa mwakani umepokelewa vizuri, akahamia kwenye habari zake. Kwenye igizo la watoto kanisani amewekwa kuwa kondoo.

"Na kondoo anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anakaa tu pale karibu na hori." Akashusha sauti. "Ila mimi kwenye mazoezi nilisema mee, mwalimu akakasirika. Siku yenyewe nitasema tena. Utakuwepo?"

Nikamwambia nitakuwepo.

Tangu hapo swali la wifi linanichekesha zaidi kuliko linavyoniuma, na jana usiku nililichukua nikaenda nalo kwenye sura ya pili ya Luka. Wachungaji waliambiwa habari, wakakubaliana waende wakaone, wakaenda haraka, wakamkuta mtoto amelazwa horini, wakaeleza walichoambiwa, wakarudi makondeni wakimtukuza Mungu. Luka hasemi kwamba walibeba chochote. Wachoraji wa baadaye ndio waliowapa mwanakondoo mabegani, labda kwa sababu hata wao walishindwa kuvumilia kuona mgeni anaingia mikono mitupu. Wazazi wenyewe hawakuwa na kitu: walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, hua au makinda ya njiwa, ile ambayo Sheria katika kitabu cha Walawi inamruhusu mama asiye na uwezo wa kupata kondoo. Sijui Maria aliwaonaje wachungaji wale mlangoni, wakinukia mifugo na hawana hata kifurushi, lakini Luka anatuambia kwamba aliyaweka maneno yao na kuyafikiri moyoni mwake.

Nakubali kwamba zawadi nazo zimo katika habari hii, kwa upande wa Mathayo, ambako mamajusi wanafika na dhahabu, uvumba na manemane. Sitaki kugeuka mtu wa kuzinunia zawadi. Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira katika karne ya 4, ambaye kutokana naye tulipata yule mzee wa nguo nyekundu, anasimuliwa kwamba alitupa mahari ya mabinti watatu maskini ndani ya nyumba yao usiku, kwa siri, ili baba yao asijue wa kumshukuru. Mwaka mmoja nikiweza kutoa hivyo, bila kusimama mlangoni kusubiri shangwe, nitarudi kutoa.

Kwa sasa nimeomba likizo inayopita tarehe 28, jambo ambalo kwa mkuu mpya wa idara, mwezi wa kufunga hesabu za mwaka, limepokelewa kwa nyusi zilizoinuliwa. Huko nyuma nilikuwa nafika, nagawa, nalala usiku mmoja na kuondoka, kwa hiyo siku zinazofuata Noeli sijawahi kuziishi nikiwa na familia. Nazo ni siku nzito, wala soko halina la kuuza ndani yake: tarehe 26 ni ya Stefano, aliyepigwa mawe, na tarehe 28 ni ya watoto wachanga wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Kanisa liliweka damu karibu kabisa na hori, pengine ili tusidhani kwamba mtoto yule alizaliwa katika ulimwengu wa mapambo. Ningependa tuzisome habari hizo kwa sauti jioni, kaka akisoma, maana ndiye mwenye sauti. Mtoto atauliza maswali magumu kuhusu Herode na hakuna kati yetu atakayekuwa na jibu zuri.

Wifi hatujazungumza tena. Alituma ujumbe mfupi tu kuniuliza kama nitalala na mtoto au anitandikie sebuleni, nikamjibu kwamba nitalala na mtoto.

Chini ya ujumbe huo aliongeza kwamba Baba ameacha kumeza dawa zake za presha tangu mwezi uliopita, kwa sababu anajisikia vizuri, na kwamba kaka amekatazwa kuniambia. Si mara ya kwanza kufanya hivyo, na mara ya mwisho hatukuishia pazuri. Simu yangu ameipokea leo mchana, tukaongea habari za mvua na za kiti changu kipya kazini, akawa mchangamfu kupita kawaida, nami sikupata mahali pa kulichomeka jambo hilo bila kumponza wifi. Mkesha ni mbali kidogo, na dawa za presha hazipaswi kungoja mpaka nifike.